Chaja ziko molini, magari yanalala mtaani

Ijumaa iliyopita, saa tano na nusu usiku, nilikuwa nimeketi ndani ya gari la binamu yangu, orofa ya pili chini ya ardhi, katika moli moja ya hapa Nairobi ambayo nitaiacha bila jina. Gari lenyewe ni Nissan Leaf, lilitumika Japan kabla ya kuja huku, na analiendesha kama teksi ya mtandaoni. Dashibodi ilisoma asilimia 14. Chaja zilikuwa mbili. Moja ilikuwa imebandikwa karatasi kwa selotepu, imeandikwa kwa kalamu kwamba haifanyi kazi. Mbele ya ile nyingine palikuwa na gari kubwa la dizeli, limeegeshwa vizuri kabisa katikati ya mistari ya kijani, mwenyewe yuko juu anakula.

Mlinzi alikuja dirishani. "Boss, ngojeni tu kidogo, atashuka."

Alishuka saa sita na dakika ishirini. Hakuomba msamaha, na kusema kweli sidhani alijua amefanya nini. Kwake ile ilikuwa paking tu kama paking nyingine.

Kama umewahi kuendesha teksi, au una ndugu anayeendesha, unajua Ijumaa kuanzia saa nne usiku hadi saa nane ndiyo saa ya mavuno. Watu wanatoka Westlands, wanatoka Kilimani, wanataka kurudi nyumbani salama na hawabishani bei. Binamu yangu alitumia saa hizo chini ya ardhi bila mtandao, halafu akachaji, halafu akalipa stima, halafu akalipa na paking. Tulipotoka nje ilikuwa saa nane kasoro. Aliniambia, "Bro, hii gari haina shida. Shida ni mahali waliweka hii kitu."

Nimeiwaza sentensi hiyo wiki nzima. Na nakuandikia wewe unayeishi Roysambu, Pipeline, Umoja, Kasarani au Kayole, ambaye pengine huna gari na huna mpango wa kununua. Usifunge ukurasa. Hii hadithi ya chaja itaamua nauli yako, itaamua ni nani atapata kazi kwenye uchukuzi wa umeme, na itaamua kama moshi wa mathree utatoka puani mwako ama utabaki palepale huku watu wa Karen wakipumua vizuri.

Kwanza tukubaliane kuhusu jambo moja ambalo watu wengi wanakosea, hata wale wanaopanga. Kituo cha kuchaji si kituo cha mafuta. Petroli unaifuata: unaingia, dakika tano, unatoka. Ndiyo maana vituo vya mafuta viko barabara kuu, magari yanakopita. Stima inachukua muda, kwa hivyo hufai kuifuata. Inafaa ikukute pale ambapo gari limesimama tayari kwa sababu zake nyingine. Gari linapolala. Gari linaposubiri abiria. Dereva anapokula. Ukikubali hilo, swali la mahali pa kuweka chaja linageuka kabisa. Huulizi tena ni barabara gani ina magari mengi. Unauliza magari yanasimama wapi, kwa muda gani, na saa ngapi.

Sasa angalia tulivyofanya. Chaja nyingi za umma jijini ziko kwenye maduka ya kifahari, mahoteli na ofisi za upande wa magharibi na kaskazini mwa jiji. Sisemi waliozijenga ni wajinga. Moli ina stima ya kutosha, ina jenereta, ina walinzi, ina kamera, na mwenye gari ana kitu cha kufanya kwa saa mbili. Kama una chaja ghali na unaogopa iibiwe nyaya, hata mimi ningeanzia hapo. Tatizo ni kwamba mtu anayeenda moli hiyo Jumamosi na gari lake jipya la umeme ana nyumba yenye geti na gereji. Anachaji usiku kwake. Chaja ya moli ni kama biskuti juu ya chakula. Anayeihitaji kikweli ni yule wa flati ya orofa saba isiyo na paking, ambaye anaendesha kilomita 150 kwa siku. Huyo ndiye anavuka mji mzima kuja kuifuata.

Hapa acha niingie kwenye hesabu kidogo. Niliacha chuo mwaka wa pili, nilikuwa nasomea uhandisi wa umeme na karo iliisha kabla ya kozi, kwa hivyo transfoma naijua nusu. Nusu hiyo inatosha kwa leo.

Leaf ya binamu yangu inakula takriban yuniti 16 kwa kilomita 100. Yuniti hapa ni ileile ya tokeni unazonunua, kilowati moja kwa saa moja. Kwa hivyo siku ya kilomita 150 ni yuniti 24. Sasa chukua soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya matundu matatu unayochomekea pasi. Kwa kuchaji gari inaweza kutoa kilowati 2.3 bila kuungua. Lichomeke saa nne usiku, lichomoe saa kumi na mbili asubuhi: saa nane, yuniti 18. Hiyo ni kama kilomita 115. Soketi ya pasi, msomaji, inakaribia kubeba kazi ya siku nzima ya teksi! Ukiweka chaja ndogo ya ukutani ya kilowati 7, kwa saa hizohizo nane unapata yuniti 56, ambazo ni nyingi kuliko betri ya Leaf inavyoweza kumeza.

Ile chaja kubwa ya kasi inayopigwa picha kwenye uzinduzi, ya kilowati 50, inahitaji nguvu sawa na chaja ndogo saba. Na bei yake haishikiki, inanunua ndogo nyingi sana. Kwa hivyo mji ukiwa na pesa kidogo, na wetu una pesa kidogo, swali la kwanza si kuongeza chaja za kasi. Ni kuwapa watu chaja za polepole mahali wanapolala.

Halafu kuna saa zenyewe. Karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke wa Olkaria haulali. Kuanzia usiku wa manane, wakati sisi tumezima taa na viwanda vingi vimefunga, mahitaji yanashuka sana, na mvuke mwingine unaachiliwa hewani bila kuzalisha kitu. EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi na petroli, ililiona hilo. Mwaka 2023 ikaleta bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: Sh16 kwa yuniti saa za kawaida na Sh8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Soma tena hiyo ya pili. Shilingi nane. Yuniti 24 za binamu yangu zingekuwa chini ya Sh200 kabla ya kodi, kwa siku nzima ya kazi. Kumbuka mwaka huohuo petroli ilipita Sh210 kwa lita hapa Nairobi.

Lakini bei hiyo ya usiku haipatikani kwenye mita ya nyumba yako. Inahitaji mita ya kando, ya kuchaji pekee. Mpangaji wa flati akichomeka gari kwenye soketi ya sebuleni analipa bei ya nyumbani, na akizidisha matumizi anapanda daraja la juu, zaidi ya Sh20 kwa yuniti. Na moli inafungwa usiku, au haifungwi ila ni nani ataacha gari huko alale Githurai? Kwa hivyo stima ya bei rahisi iko, saa zake ziko, mvuke upo, na magari yapo. Kinachokosa ni waya wa mita kumi kutoka kwenye mita sahihi hadi mahali gari limelala.

Binamu yangu alijaribu kuutengeneza waya huo mwenyewe. Mwezi wa kwanza alikuwa anateremsha ekstensheni kutoka dirisha la orofa ya tatu. Kila usiku waya mwekundu unaning'inia mbele ya madirisha ya majirani kama kamba ya nguo. Siku ya kumi na moja mvua ilinyesha, ekstensheni ikatoa moshi, stima ya ploti nzima ikazima, na msimamizi wa ploti akaja na amri ya landilodi: gari la stima hapa, hapana. Simlaumu landilodi. Waya ule ungeua mtu. Ila kumbuka kwamba jengo lile lina nyumba zaidi ya hamsini, lilijengwa juzi tu, na hakuna aliyefikiria hata bomba tupu la kupitishia nyaya hadi uani.

Wenzetu walilitatua vipi? Amsterdam, kwa mfano, ukiwa na gari la umeme na huna paking yako, unaomba na mji unaweka nguzo ya kuchaji barabarani karibu na kwako, halafu nguzo hiyo ni ya kila mtu. London walichomeka soketi kwenye nguzo za taa za barabarani. Nimeona watu mtandaoni wakisema Nairobi tuige hivyohivyo. Mimi nacheka. Jaribu kuacha gari usiku kando ya barabara Kayole, asubuhi utalikuta halina vioo vya pembeni, halina taa, na kama una bahati magurudumu yapo. Na nyaya za shaba kwenye nguzo ya barabarani? Hazingemaliza wiki.

Ndiyo maana mtaa ulijitengenezea jibu lake zamani, na jibu hilo limekaa mbele ya macho yetu. Paking za usiku. Unazijua. Kiwanja cha kanisa, uwanja wa kituo cha mafuta kilichofungwa saa nne, ploti isiyojengwa yenye ukuta wa mabati, shule ya kibinafsi yenye geti kubwa. Kuna mlinzi mwenye rungu na tochi, kuna daftari, unalipa kwa mwezi. Pita Umoja ama Donholm saa sita usiku uone mathree zilivyopangwa kwenye vituo vya mafuta, pua kwa mkia, kama samaki kwenye kopo. Huko ndiko Nairobi inakolala na magari yake. Hakuna mshauri wa kulipwa mamilioni anayehitajika kuchora ramani hiyo. Ulizeni tu askari wa usiku.

Na kila moja ya sehemu hizo ina vitu ambavyo chaja inataka: ukuta, mlinzi, mwanga, mwenye ardhi anayejulikana, na mara nyingi stima imefika tayari. Kanisa lina laini ya stima inayotumika kwa nguvu Jumapili tu na mazoezi ya kwaya. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi usiku, hakuna kitu. Weka pale chaja ndogo sita na mita moja ya kando ya bei ya usiku. Magari sita yanajaa hadi alfajiri kwa mzigo usiofikia ule wa chaja moja ya kasi. Kanisa linapata kitu kidogo juu ya ada ya paking. Mlinzi anapata sababu ya kuongezwa mshahara, ingawa hapo najidanganya kidogo.

Kitu kingine ninachokipenda kuhusu paking za usiku ni kwamba hutajikuta peke yako chini ya ardhi. Rafiki yangu mmoja wa kike anaendesha teksi pia, ya petroli. Nilipomuuliza kama anaweza kuhamia umeme, hakuniuliza bei ya betri. Aliniuliza, "Na hizo chaja ziko wapi usiku, na choo kiko wapi?" Katika mikutano yote ya uchukuzi wa umeme ambayo nimefuatilia mtandaoni, swali la choo sijalisikia hata mara moja. Kukaa saa moja mahali pasipo na choo wala taa si jambo ambalo dereva mwanamke atakubali, na mpangaji ambaye hajaliwaza hilo ameshaamua, bila kujua, kazi hii ni ya nani.

Sasa transfoma. Mtaa wako unalishwa na ile inayoning'inia kwenye nguzo mbili, na transfoma nyingi za mtaani huwa na uwezo wa kVA 100, 200 au 315. Unajua inavyokuwa saa moja jioni: kila mtu anapika kwa koili, anaoga na shawa ya moto, televisheni iko juu. Taa zinafifia. Sasa mtu aje aweke chaja nne za kasi za kilowati 50 kwenye transfoma ya kVA 200. Zikiwaka zote pamoja zimeimeza yote, na wewe huna hata gari, lakini chai yako imebaki baridi. Hili si jambo la kuogopa magari ya umeme. Ni jambo la kuchagua mahali. Chaja za kasi ziende kunakolishwa na laini kubwa ya peke yake, kama viwandani, stesheni kubwa na barabara kuu. Chaja za polepole ziende mtaani, na ziwe na saa ndani yake, zisianze kufyonza hadi saa nne usiku. Teknolojia hiyo ni rahisi, hata simu yako inajua kungoja.

Kuna wanaosema, si stima yenyewe hupotea? Kweli hupotea. Agosti 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Ila gari lina kitu ambacho friji haina. Stima ikipotea saa saba na kurudi saa tisa, gari lililolala haliumii sana, linaendelea kujaa hadi asubuhi. Yule anayeumia ni aliyeifuata chaja ya kasi akiwa na asilimia 14 na abiria anapiga simu. Yaani hata kwa hilo, mahali pa kulala panashinda.

Mathree na mabasi hayana mjadala mrefu. BasiGo, iliyoanza kuleta mabasi ya umeme barabarani hapa Nairobi mwaka 2022, inachaji kwenye yadi zake usiku, na basi likijaa linaweza kwenda kilomita 250 hivi. Ndivyo hata Shenzhen, China, ilivyogeuza mabasi yake yote zaidi ya 16,000 kuwa ya umeme kufikia 2017. Huko chaja zilifuata yadi za mabasi. Swali letu ni yadi zipi. Sako nyingi hazina yadi, zina steji tu na kituo cha mafuta cha kulala. Kaunti ina viwanja: Green Park, Muthurwa, steji za mitaani. Kuna saa za katikati ya mchana ambapo mathree zimesimama tu zikingoja foleni ya jioni. Sielewi kwa nini steji inakarabatiwa, saruji inamwagwa, na hakuna anayekumbuka kuzika bomba la nyaya kabla saruji haijakauka. Kuja kuivunja tena baadaye ni tenda nyingine, labda ndiyo sababu.

Nduthi nazo zina sheria yake. Boda hawezi kungoja betri ijae, anaitoa na kuweka nyingine iliyojaa, dakika chache anaondoka. Ampersand ilianza mtindo huo Kigali kabla ya kuja huku, na sasa Spiro na ARC Ride pia wana vituo vyao. Hapa shida si ukubwa wa kituo, ni ukaribu. Boda ana kisiwa chake, kutoka steji hadi mtaani na kurudi, na kituo cha kubadilisha betri kikiwa nje ya kisiwa hicho ni safari mbili amepoteza. Ila betri za kampuni moja haziingii kwenye nduthi ya nyingine. Kwa hivyo unaweza kukuta kabati mbili za betri zikitazamana kwenye kona moja, na kilomita nne mbele hakuna hata moja. Hilo soko peke yake halitalirekebisha, kwa sababu kila mmoja anafuata kona yenye boda wengi. Kibali cha kaunti kinaweza: unataka kona ya Kenyatta Avenue? Sawa, chukua na moja ya Mwiki.

Plagi ni balaa lingine, na nitalipitia haraka. Leaf za Japan zinachaji kwa kasi kupitia plagi inayoitwa CHAdeMO. Magari mapya yanayoletwa na wauzaji rasmi mengi yanatumia CCS2. Yaliyotengenezewa soko la ndani la China yana GB/T. Chaja ya umma yenye plagi moja tu ni kama choo cha umma chenye ufunguo wa mtu mmoja. EPRA ilitoa miongozo ya chaja mwaka 2023, na kama kuna kitu kimoja cha kukazia, ni kwamba pesa ya umma isinunue chaja ya kasi inayobagua.

Na barabara kuu? Hapo sasa ndipo naunga mkono chaja za kasi bila kigugumizi. Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi. Leaf yenye betri ya yuniti 40, ikiwa bado mpya, inaenda takriban 240 kwa chaji moja, na iliyotumika inaenda chini ya hapo. Kwa hivyo kuna watu wanachora ramani, wanagawa 480 kwa vipande sawa, wanafurahi. Wanasahau mlima. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Kulipandisha gari la kilo 1,600 hadi huku kunakula yuniti saba na zaidi, juu ya zile za safari ya kawaida. Kati ya yuniti 40, hiyo ni karibu moja ya tano. Ukiteremka kwenda Mombasa mlima unakulipa, ukirudi unakudai. Anayepanga vituo kwa kilomita pekee atamwacha mtu kando ya barabara usiku, mahali ambapo mwenyeji wa karibu ni tembo.

Mimi ningeanza na Emali, Mtito Andei na Voi. Si kwa sababu ya ramani, ni kwa sababu ya chapati. Mtito iko karibu katikati, na mabasi na wasafiri wamesimama pale tangu enzi za babu zetu, wanakula, wanaenda haja, wananyoosha miguu. Nusu saa. Chaja ya kilowati 50 kwa nusu saa inakupa yuniti 25, yaani kilomita 150 na zaidi barabara ikiwa tambarare. Umemaliza sahani ya wali, gari nalo limeshiba. Lakini ziwe angalau tatu pamoja kila mahali, tafadhali. Chaja moja ya barabarani ni mtego, kwa sababu ikibandikwa ile karatasi ya selotepu hakuna mlinzi wa kukuambia ngoja kidogo.

Upande wa serikali, mwaka 2020 ilijiwekea lengo kwamba kufikia 2025 asilimia 5 ya magari yanayosajiliwa yawe ya umeme. Machi 2024 ikatoa rasimu ya sera ya uchukuzi wa umeme. Nimeisoma. Kuna mazuri ndani, hata namba za gari za kijani. Lakini sera haziweki chaja kwenye ploti. Anayeweka ni mtu wa kaunti anayepitisha ramani ya jengo. Kila flati mpya inayopigwa muhuri City Hall leo bila bomba la nyaya uani ni miaka hamsini ya ekstensheni zinazoning'inia madirishani. Bomba tupu wakati wa ujenzi ni pesa kidogo sana, landilodi halihisi. Baada ya ujenzi ni vita.

Kwa hivyo kikao cha ushirikishaji wa umma cha bajeti ya kaunti kikifika wadi yako, na najua huwa huendi, hata mimi nimeenda mara moja tu na nilifuata soda, nenda na jina la mahali. Usiseme tunataka chaja. Sema ile paking ya usiku nyuma ya soko, yenye mathree ishirini, mlinzi anaitwa nani, transfoma iko nguzo ya ngapi. MCA anaweza kukwepa wazo. Mahali penye jina ni pagumu kukwepa.

Kuhusu binamu yangu, gari lake hulala kwenye kiwanja cha kanisa moja mtaani. Jumapili baada ya ibada tulimfuata mzee wa kanisa anayeshika mambo ya mali. Nilikuwa nimeandika hesabu yangu kwenye karatasi ya daftari, chaja nne za kuanzia, mita ya kando, nani analipa nini.

Mzee aliishika karatasi mbali na macho, akaisoma yote, pole pole. "Kijana wangu, hii gari haitatuletea moto kwa nyumba ya Mungu?"

"Hapana, mzee. Nyaya zitawekwa na fundi mwenye leseni, na kila chaja ina kikata-stima chake."

"Na hiyo shilingi nane, ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, mzee. Ni usiku tu, halafu kuna kodi juu yake."

Akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwa koti. Akauliza kama bei hiyo ya usiku inaweza kutumika pia kwa vipaza sauti vya mkesha. Tukamwambia hapana, ni ya kuchaji pekee, akasikitika kidogo. Kamati inakutana Alhamisi.